Fungu la Msafiri

Asubuhi ile Roda alikuta kikapu cha mumewe kimemegwa.

Alikuwa amekishusha kutoka kwenye kichanja cha juu ya meko, kama alivyokishusha kila asubuhi kwa miaka mitatu. Alipoinua kifuniko akaona ubavu mmoja wa ugali umebonyea. Tonge moja halikuwapo. Palikuwa na alama za vidole vitatu, zimekauka pamoja na ugali wenyewe. Alisimama nacho mkononi, moshi unamwingia machoni, wala hakupepesa. Panya hamegi, panya huguguna na kuacha mavi yake. Hapa palipita mkono wa mtu, tena mtu aliyefundwa kwao, asiyevamia katikati kama mlafi.

Akakifunika. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya baridi, ya kumsimamisha mtu vinyweleo.

"Umeona nini humo?" aliuliza mama mkwe wake, Bibi Namukonda. Alikuwa amekaa kigodani karibu na mlango, anamenya mizizi ya porini kwa kisu kilicholika kikabaki kama ulimi wa mbuzi.

"Sijaona kitu, mama."

"Asiyeona kitu hafuniki kwa haraka hivyo. Lete hapa."

Roda akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Bibi akafunua, akatazama kwa muda mrefu, kisha akakirudisha na kujipangusa vidole kwenye kaniki yake, ingawa ndani hakugusa.

"Basi ameanza kula," akasema.

"Nani, mama?"

"Wewe ndiye unayemwekea. Wajua unamwekea nani."

Huko Ndalambo siku zile, mwanamume alipofunga safari kwenda migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, mkewe alimwekea fungu. Kila jioni, kabla mtu hajatia mkono, fungu la msafiri lilikatwa kwanza, likatiwa katika kikapu chake chenye kifuniko, kikapandishwa kichanjani. Lililala pale mpaka kuche, ili mwenyewe popote alipo asilale njaa. Asubuhi fungu alipewa mpita njia, na kama hakupita mtu, kuku. Watu wa nyumba hawakuligusa, na mtoto ndiyo kabisa, maana alaye fungu la msafiri huifuata njia ya msafiri. Na habari ya kifo ilipokuja, kikapu kilifukiwa kimeinamishwa, njia ikafungwa. Hayo kila mwanamke aliyajua kama anavyojua kuwasha moto.

Habari ya Yonasi ilikuwa imekuja tangu mwezi wa tano. Aliileta Ezron, kijana wa mji wa pili aliyekuwa naye kazini. Alifika kwa miguu kutoka Tunduma, amevaa viatu vya mgodini vilivyokatika kamba, na begani amebeba blanketi la Yonasi, la kijivu, zito, lenye mistari miwili myekundu. Alikaa chini, akapiga makofi ya salamu, akasema kwamba mwamba ulishuka asubuhi, watu tisa walikuwa chini, na Yonasi alikuwa mmoja wao.

"Ulimwona?" Roda aliuliza.

"Hakuonekana hata mmoja, dada. Lile shimo walilifunga. Mzungu akasoma kitabu pale juu, sisi tukaimba, tukarudi kazini."

"Basi hukumwona."

"Mukwai," akasema kwa neno la heshima la kwao, "nimelala naye chumba kimoja miaka yote hiyo. Kitanda chake kilikaa kitupu wiki mbili, mimi nakitazama."

"Kitanda kitupu si maiti," Roda akasema. Akapokea blanketi, akalikunja mara nne, akalitia kwenye sanduku la mbao na kufunga. Jioni ile akakata fungu kama kawaida. Bibi Namukonda alimtazama akipandisha kikapu, akamwambia neno moja tu: "Mwanangu, aliyekufa ukizidi kumlisha, atazoea. Akizoea, siku ukikosa atadai."

*

Mwaka ule mvua zilikataa. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha miaka minne, watu wakadhani taabu imekwenda navyo. Ulezi ulitoa masuke mepesi kama manyoya ya kifaranga, na ilipofika mwezi wa kumi watu walikuwa wanafagia sakafu za ghala na kupepeta vumbi. Roda alisaga ulezi pamoja na pumba zake, akaongeza unga wa mizizi, ugali ukatoka mweusi na mchungu, wa kunata mkononi kama udongo wa mfinyanzi. Walikuwa watu watatu nyumbani: yeye, bibi, na Felista, binti yake wa miaka saba. Mafungu yaliyokatwa yalikuwa manne. Na hilo la nne ndilo lililokuwa kubwa, maana la mwanamume halipunguzwi.

Siku ile ya alama alikwenda kwa jirani yake Nesta na ungo mtupu. Wanawake wawili wengine walikuwa pale uani, wanachambua mboga za porini.

"Karibu, mama Felista," Nesta akasema. "Naona umeleta ungo kutembea."

Roda akapiga magoti. "Nimekuja kukuomba, dada. Vikombe viwili tu, hata vya pumba."

"Mimi sina neno na wewe. Lakini nikuulize. Kuku wako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ndivyo ninavyosikia. Nasikia Ndalambo nzima wanaoshiba ugali ni kuku wa kwa Yonasi." Wale wengine wakainamia mboga zao, mabega yakiwatikisika. "Nyumba inayobakiza haiombi, mwenzangu. Hilo hata mtoto analijua."

 Roda alibaki amepiga magoti, vumbi linamkwaruza, mpaka Nesta mwenyewe akaona aibu ya kumwacha hapo. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kimoja, akakimimina kwenye ungo na kukung'uta kitako chake.

"Hiki ni cha mtoto. Umenisikia? Miguu yake imekuwa vijiti. Si cha yule wa kichanjani."

"Asante, dada."

Siku nyingine maneno yale yangemkata. Siku ile hayakumpata mahali. Alikuwa anatembea na zile alama tatu kifuani, kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae, anaogopa upepo. Usiku na mchana alikuwa ameomba, Bwana nipe alama, moja tu, nijue yu hai. Naye amepewa. Wacheke tu.

*

Baada ya siku tatu kukawa na mkutano kwenye baraza la mwene, mtawala wa nchi ile. Serikali ilikuwa imeleta mahindi kwa lori mpaka Tunduma, na karani amekuja kuandika watu. Alikaa nyuma ya meza ndogo, kijana nadhifu, kofia yake ameiweka juu ya goti isishike vumbi. Wazee wasio na watu, vilema na wajane walipewa bure, debe kwa debe. Wenye waume migodini waliambiwa wasubiri, maana waume zao wana mshahara na watatuma.

"Jina?"

"Roda."

"Mumeo?"

"Yonasi."

"Yuko wapi?"

"Yuko Kopabelti, migodini."

Jumbe aliyesimama kando akakohoa. "Karani, huyu ni mjane. Mwamba ulimfunika mumewe. Mji mzima tumesikia."

Karani akainua kalamu. "Mama, nisaidie. Wewe ni mjane au si mjane? Wajane ninaandika upande huu."

Nyuma yake mstari mzima ulisogea kumsikiliza. Felista alikuwa ameshika pindo la nguo yake, anatazama magunia yaliyoegemezwa ukutani. Moja lilikuwa limetoboka na punje za njano zilidondoka chini, kuku wa mwene wanaziokota. Damiano, mdogo wake Yonasi, alisogea akamnong'oneza sikioni: "Shemeji, sema. Ni neno tu. Wala usihofu kurithiwa. Mke niliye naye na watoto wanne wananitosha kwa njaa hii."

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na debe la mahindi lilikuwa nyuma yake. Roda alilitafuta mdomoni, akaona kwamba akilitamka hapa, mbele ya kitabu cha serikali, basi yeye ndiye atakayekuwa amemuua Yonasi, si mwamba.

"Mume wangu yu hai," akasema.

"Basi asubiriwe," sauti moja ikasema nyuma, na watu wakacheka kile kicheko chembamba cha wenye njaa. Karani akaita jina linalofuata.

Njiani Felista aliuliza, "Mama, mjane ni nini?"

"Ni mtu mwingine."

"Yeye ndiye anayepewa mahindi?"

"Ndiyo."

 Mtoto alitembea nyuma ya mama yake, akikanyaga kwenye nyayo zake, moja moja.

*

Alama zilizidi. Asubuhi moja tonge moja, asubuhi nyingine matatu, mara robo nzima. Roda akaanza kulikata lile fungu kubwa zaidi. Unga wa kuongeza haukuwapo, kwa hiyo alipunguza lake, na lilipokuwa halipunguziki tena akapunguza la mtoto. Hakuona ubaya. Baba anakula. Baba akila ana nguvu, na mwenye nguvu hutembea mpaka kwao.

Bibi Namukonda alikuwa haketi tena karibu na meko. Kigoda chake alikisogeza mpaka nje kwenye ukingo wa kivuli, na kila alipoingia alitangulia kukohoa, kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe. Jioni moja alichota majivu kwa mikono miwili, akayatandaza mlangoni, kutoka kizingitini mpaka usawa wa kinu, akayalainisha kwa ufagio.

"Ya nini, mama?"

"Tuone miguu."

Kulipokucha majivu yalikuwa vile vile, laini kama uso wa maji kisimani. Hata mende hakupita. Roda akakishusha kikapu. Nusu ya ugali ilikuwa imekwenda.

Wakatazamana juu ya kile kikapu. Nje jogoo alianza kuwika, akakatisha.

"Hakupita mlangoni," bibi akasema polepole. "Mwenye miguu hupita mlangoni."

"Hata malaika hapiti mlangoni, mama."

"Wewe wamwita malaika. Mimi ndiye niliyemzaa, nakwambia namwogopa." Alishika nguzo ya mlango. "Fukia hicho kikapu, Roda. Nakusihi. Leo anakula ugali. Ugali ukiisha atakula nini humu ndani?"

Wote wawili, bila kupenda, wakamtazama Felista. Alikuwa amejikunja kando ya mafiga, mgongo kwa watu, na alikuwa hajalala.

Mchana wa siku ile homa ikamshika.

*

Ilianza na kutetemeka. Roda alimkuta amelala chini nyuma ya kinu, meno yanagongana, ngozi ya moto. Akamtandikia mkeka, akamfunika kaniki, akaongeza gunia. Mtoto aliendelea kutetemeka mpaka mkeka wenyewe ukawa unakwaruza sakafuni. Hapo Roda akaliendea lile sanduku, akalifungua. Blanketi lilikuwamo, limekunjwa mara nne. Bado lilikuwa na harufu yake, tumbaku na ule moshi mwingine wa mbali ambao si wa kuni. Mtoto atalilowesha jasho. Atalikojolea, pengine. Na Yonasi akija atajifunika nini?

Akalifunga sanduku. Akaenda kuokota kuni nyingine.

Siku ya pili macho ya mtoto yaliingia ndani na midomo ikapasuka. Bibi Namukonda alisimama mlangoni, hakuingia.

"Sikukwambia? Ameanza kudai. Anamvuta mtoto wake."

"Mama, usiseme hivyo, anasikia."

"Na asikie. Baba yake anamwita, na aliyemfungulia njia ni wewe."

"Bibi," sauti ikasema kutoka mkekani. "Si baba."

Wakageuka.

"Si baba anayekula," Felista akasema. "Ni mimi."

Kisu cha bibi kikaanguka chini. Roda akapiga magoti kando ya mkeka, taratibu, kama mtu anayesogelea nyoka. "Umesema nini, mwanangu?"

"Nilipanda kwenye kinu, kando ya meko. Mkiwa mmelala. Nilimega kwa vidole vitatu tu, pembeni, ili isionekane." Alipumzika, akavuta pumzi. "Kila mara nilimwambia baba anisamehe. Nilifikiri yeye kule ana mahindi."

Bibi Namukonda alirudi nyuma hatua mbili, akakanyaga kisu, hakuhisi. "Mtoto amekula njia," akanong'ona. "Ee Mungu, mtoto ameila njia yote." Akageuka, akakimbia kama ambavyo mzee hakimbii, kwenda kumwita Damiano.

*

Roda alibaki peke yake na mtoto. Hakulia. Alinyanyuka, akakishusha kikapu, kilikuwa bado na fungu la juzi ambalo homa ilimsahaulisha kulitoa, na ubavuni zile alama. Akauchukua mkono wa Felista, mwepesi, wa moto, akauweka pale. Vidole vitatu vikaingia katika alama tatu, kama mguu unavyoingia katika unyayo wake wenyewe.

Vilikuwa vidogo. Wiki zote zile vilikuwa vidogo namna ile, naye akavitazama kila asubuhi na kuona vidole vya mwanamume. Majivu hayakuwa na miguu kwa sababu mwenye kula hakutoka nje, alikuwamo. Alilala hatua tano kutoka kwa mama yake, tumbo limemshika, anasubiri mama asinzie. Na mama, asubuhi, alimshukuru Mungu kwa ile njaa. Akampunguzia ili kuilisha zaidi.

Inasemwa na waliompenda kwamba pale Roda alikaa ameushika mkono ule kwa muda wa chungu kuchemka. Kilichompata hakikuwa na kishindo. Alisikia tu kwamba mahali fulani ndani yake palikuwa na mkono uliokunja ngumi tangu mwezi wa tano, tena pengine tangu siku ile Yonasi alipoiacha njia ya uani na kushika ya Tunduma. Na ule mkono umechoka. Ukafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Yonasi amekufa. Alijua tangu siku alipopokea blanketi. Ndiyo sababu alilikunja mara nne. Mtu anayengojewa blanketi lake huanikwa juani.

Alikuwa amezoea kuomba kwa kudai, nipe hiki, nirudishie kile, nionyeshe alama. Safari hii alifungua mdomo, asipate la kudai. "Wewe ndiwe unayejua," akasema. Basi. Hofu aliyoingoja haikuja. Hata yule aliyekuwa kichanjani, aliyemwogopesha bibi na kumfurahisha yeye, hakuwapo tena. Palikuwa na kichanja, na masizi, na mtoto mgonjwa.

Akalifungua sanduku, akalikunjua lile blanketi, akamfunika Felista mpaka kidevuni.

*

Damiano alifika na mgomba begani, wa kuzikwa mahali pa maiti, ameukata kijitoni, urefu wa mtu. Ndugu watatu walimfuata na majembe, na Nesta akiwa na wembe, maana mjane hanyolewi na wa damu yake. Bibi Namukonda alisimama mbali kidogo, kaniki ameikaza kiunoni.

"Shemeji," Damiano akaanza, ametayarisha maneno mengi, "tumekaa, tumeona kwamba jambo hili..."

"Nimekubali," Roda akasema. "Chimbeni."

Damiano akabaki na maneno yake mdomoni. Roda akaketi chini penye jua, akainamisha kichwa. Nesta akalowanisha wembe.

"Kuhusu wale kuku, dada," akanong'ona, "ulimi wangu..."

"Nyoa, Nesta. Ulisema kweli."

Nywele zikaanguka vumbini kidogo kidogo. Shimo likachimbwa nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, la kina kifupi lakini la kutosha. Mgomba ukalazwa kando yake.

"Leteni blanketi," bibi akasema. "Avikwe lake. Afungwe nalo, amwache mtoto."

"Hapana, mama."

Majembe yakasimama.

"Roda. Mgomba hauzikwi uchi. Mwili wake hatuna, nguo yake ndiyo mwili wake. Ukimnyima hata hiyo, atatuacha?"

"Mama, mwanao hasikii baridi. Mjukuu wako ndiye anayesikia."

"Usimkasirishe, nakuomba. Amekwisha kasirika."

Roda alimwendea, kichwa kilichonyolewa kinang'aa juani, akapiga magoti mbele yake kama siku aliyoletwa bibi arusi. "Wewe ndiwe uliyemzaa. Niambie. Yonasi wako, tangu akiwa mtoto, siku hata moja alimvua mwenzake nguo ajifunike yeye?"

  Bibi akatazama kwingine, kwenye vilima vya upande wa mpaka.

"Basi kwa nini tunamzika mwingine, asiyefanana naye?"

 Damiano akavua shati lake, akauviringishia mgomba, akaushusha. Lilibaki fungu. Kwa desturi lile la mwisho humwagwa shimoni, kisha kikapu hufuata kimeinamishwa. Roda alikichukua kikapu. Lakini hakwenda shimoni. Aliingia ndani, akamwinua Felista, akatoka naye mikononi ndani ya lile blanketi, akaketi kizingitini mbele ya watu wote. Akamega tonge, akalilainisha kwa maji, akalipeleka kwenye midomo iliyopasuka.

"Shemeji, unafanya nini?" Damiano alisema kwa sauti ya chini sana.

"Kula, mwanangu," Roda akamwambia mtoto. "Usiombe radhi. Hili lilikuwa lako tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekosea kikapu."

Nesta alifunika uso. Mmoja wa ndugu aliliacha jembe lake pale pale akaondoka zake. Mtoto alimeza kwa shida, la kwanza, la pili, nusu ya la tatu, akachoka. Roda akala kilichobaki, mbele yao, mpaka kikapu kikawa kitupu. Ndipo akaenda, akakiinamisha juu ya mgomba, akarudi kwa mtoto wake. Udongo ulisikika ukianguka juu ya ukindu.

*

Siku tatu hakuna jirani aliyekanyaga uani. Waliopita njiani waliharakisha, na akina mama waliwaita watoto wao wasicheze upande ule. Wote walikuwa wanasubiri kilio. Bibi Namukonda alilala kwa Damiano, akaja kila asubuhi, akaketi kigodani nje, mbali na kizingiti, akisikiliza. Homa ilipanda na kushuka. Kulikuwa na saa ambayo Felista hakumjua mama yake, akamwita kwa jina la mbuzi waliyewahi kufuga. Roda alimlowanisha midomo, akamgeuza, akamfunika. Hakumwahidi Mungu kitu, wala hakumwekea sharti. Alijua kwamba mtoto huenda akafa. Alikaa karibu na jambo hilo kama unavyokaa karibu na mtu mgeni, bila kumkimbia.

Siku ya nne asubuhi alitoka nje amejitanda kaniki mabegani.

"Mama, nakwenda barazani. Mtoto ana kiu. Maji yako kwenye kibuyu."

Akaondoka, hakugeuka. Bibi akabaki kigodani, anautazama mlango.

Karani alikuwa amerudi pale pale kwa mgao wa pili, na kofia yake gotini. Alipomwona kichwa hakuuliza mume yuko wapi.

"Niandike," Roda akasema.

"Mjane?"

"Mjane."

Kalamu ilikwaruza. Alisubiri neno limwangushe, halikumwangusha. Akapimiwa debe la mahindi ya njano, akalijitwika.

Aliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Akatua debe mlangoni, akaingia. Bibi Namukonda alikuwa ameketi kando ya meko, mahali pake pa zamani, kichwa cha Felista mapajani, na lile blanketi limewafunika wote wawili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mengi, bila sauti, machozi ya miezi mitano.

"Alitaka maji," akasema. "Aliniita mara tatu. Ningefanyaje?" Kisha akaunyanyua upindo wa blanketi mpaka puani. "Lina harufu ya mwanangu, Roda. Mimi nilidhani litakuwa na harufu nyingine."

Roda alimgusa mtoto paji la uso. Lilikuwa na unyevu, vuguvugu tu.

Mchana ule walitwanga mahindi, wakasonga ugali wa njano ambao hawakuwahi kuuona. Ulipoiva mwiko wa Roda ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, ukakata fungu kubwa ubavuni, ukalinyanyua. Hapakuwa na kikapu. Akasimama nalo hewani, mvuke unapanda. Bibi na mjukuu walikuwa wanamtazama.

"La baba?" Felista aliuliza.

"Baba yako hali tena, mwanangu."

Akalirudisha katikati, kwenye lile kubwa, akalisawazisha kwa mgongo wa mwiko mpaka mahali pa kukatia pakapotea. Mvua ilikuwa bado wiki sita, na debe ni debe tu. Bibi Namukonda alinawa mikono, akakaa kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akanyoosha mkono, akamega pembeni, kwa vidole vitatu.